Muulize Mjomba: Wale wanaosimama kwenye vizuizi vya Palestina wanasaidia nini?

Toleo lililopita niligusia, tena kwa mistari miwili tu, habari za kina mama wa Kiisraeli wanaoamka alfajiri kwenda kusimama kwenye vizuizi vya jeshi la nchi yao wenyewe, wakiangalia Wapalestina wanavyopitishwa. Basi simu haijapumzika. Ujiji, Mwanga, Kasulu, mpaka Tabora huko watu wameandika, wengine wananishukuru wengine wananisema. Ukurasa ni mmoja, nimejibu zinazotosha.

"Mjomba shikamoo. Ile habari nimeisoma nikacheka kidogo, unisamehe. Mtu hana bunduki hana cheo, anasimama pembeni na daftari, askari akimwambia mzee wa watu rudi nyumbani mzee anarudi, na yule wa daftari anaangalia tu. Hapo kasaidia nini? Mimi naona wanajifurahisha roho zao." Mpwa wako, Ujiji

Marahaba mpwa. Cheka tu, hilo swali hata wao wenyewe wanaulizana mpaka leo.

Kwanza tujue tunaongelea nani maana watu wanawachanganya. Machsom Watch ni wanawake wa Kiisraeli watupu, walianza 2001 intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, ikiwa imepamba moto, wengi ni watu wazima, wastaafu, bibi wenye wajukuu, wanakwenda kwa zamu asubuhi na mchana halafu wakirudi nyumbani wanaandika walichokiona na kinawekwa kwenye intaneti kila mtu asome. Halafu kuna mpango wa Baraza la Makanisa Duniani, kwa kifupi EAPPI, ulianza 2002 baada ya viongozi wa makanisa ya Yerusalemu kuomba wenzao wa nje waje. Hao wanatoka nchi mbalimbali, wanakaa miezi mitatu, utawajua kwa vizibao vyao. Na kwenye mji wa Kipalestina wa Hebron kulikuwa na waangalizi rasmi wa kimataifa, TIPH, hao nitawagusa chini.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kile kizuizi cha kutoka Bethlehemu kwenda Yerusalemu, wanakiita 300. Umbali wa miji hiyo miwili ni kama kutoka Kigoma mjini kwenda Mwandiga hivi, haufiki mbali. Kabla ya vita ya Gaza iliyoanza Oktoba 2023, saa kumi alfajiri pale tayari kumefurika wanaume, mafundi ujenzi, wapaka rangi, wa mashambani, kila mmoja na kimfuko chake cha chakula, wamebanana kwenye ujia mwembamba una ukuta huku na nondo kule, wauza kahawa na mikate wako pembeni, anayetaka kuswali anaswali hapo hapo alipo. Wenye haraka wanapanda nondo wanatambaa juu ya vichwa vya wenzao na matusi yanaanza. Mbele kuna geti la mabomba ya chuma linalozunguka, linapitisha mtu mmoja mmoja, anayeliendesha ni askari aliye ndani ya kibanda cha kioo, taa ikiwa ya kijani wanaingia kadhaa, ikiwa nyekundu geti linajifunga hata kama mtu yuko katikati, anabaki humo humo na mfuko wake wa mikate mpaka atakapobonyezewa tena. Ukipita hapo bado kuna mashine ya kupekua, vua mkanda, ndipo uende dirishani na kibali chako na kadi ya sumaku yenye alama za vidole.

Yule wa daftari ana kidude cha kuhesabia mkononi, kila anayetoka anabonyeza. Anaandika geti limefunguliwa saa ngapi, madirisha mangapi ya ukaguzi yanafanya kazi na mangapi yamekaa bure, mtu aliyeingia foleni saa kumi ametoka saa ngapi, nani karudishwa na kaambiwa nini. Sasa pale pembeni huwa kuna geti lingine wanaliita la kibinadamu, la wazee, wagonjwa, wanawake, watoto wa shule, na mara nyingi utalikuta limefungwa. Mwenye daftari ana namba ya ofisi ya jeshi inayoshughulika na raia. Anapiga: geti limefungwa, kuna mama hapa na mtoto mgonjwa ana miadi hospitali Yerusalemu. Anaambiwa tunafuatilia. Anapiga tena. Kuna siku linafunguliwa, kuna siku mama anachoka anageuza na mtoto wake. Hiyo ndiyo hali, sikupambii.

Na kuna lingine dogo. Askari wa pale mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, yuko jeshini kwa sheria. Akiona mama wa rika la mama yake, anaongea Kiebrania kama chake, amesimama pale anaandika, wapo ambao mdomo unapoa. Wapo ambao ndiyo wanazidi pia, wanawatukana hao kina mama kuwa wasaliti.

Halafu kwa kukaa pale miaka na miaka wakagundua kitu ambacho usingekijua ukiwa ofisini, kwamba watu wengi sana wamewekwa kwenye orodha ya kunyimwa kibali kwa sababu za usalama na hawaambiwi sababu yenyewe ni ipi. Mtu anajua tu dirishani, siku anapoambiwa huruhusiwi. Wakaanza kuwasaidia kuandika rufaa, na wako waliotolewa kwenye orodha kwa njia hiyo wakarudi kazini. Wengine wao wanakwenda kukaa kwenye mahakama za kijeshi kusikiliza kesi. Kwa hiyo mpwa, kizuizi hawajakiondoa, hilo uko sahihi. Ila mtu aliyerudishiwa kibali chake akalisha watoto, huyo ukimwambia walikuwa wanajifurahisha roho mtagombana.

"Mjomba, sisi watu wa Kigoma vizuizi tumekua navyo. Unatoka Kibondo mnashushwa kwenye gari, toa kitambulisho, taja babu yako, ongea Kiswahili tukusikie. Ndugu yangu aliwahi kuwekwa pembeni nusu siku kisa lafudhi. Tofauti iko wapi? Kwa nini tulie na ya mbali?" Mwalimu, Kasulu

Mwalimu pole kwa ndugu yako, na hilo uliloandika halihitaji shahidi mkoa huu. Tumepakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Congo, wakimbizi tumewapokea tangu 1972 huko, Nyarugusu ipo tangu 1996, na gharama yake mojawapo ni kwamba Muha wa watu anatiliwa shaka nchini kwake. Kushushwa mbele ya abiria wote uanze kuthibitisha wewe ni nani, aibu ile ni ile ile, iwe Kibondo iwe Nablus huko Palestina.

Lakini tofauti zipo na ni kubwa. Anayekusimamisha wewe ni serikali uliyoipigia kura au kuinyima, mbunge wako anaweza kusimama akauliza, ukionyesha karatasi yako imekwisha. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, yaani eneo la Wapalestina lenye miji kama Bethlehemu na Hebron, yuko chini ya jeshi la Israel tangu 1967, serikali inayolituma jeshi hilo hapigi kura kuichagua, na sheria inayomhukumu ni ya kijeshi wakati mlowezi, yaani Mwisraeli aliyehamia kwenye ardhi hiyo na anaishi kilima cha pili, yeye anahukumiwa kwa sheria za kiraia. Hata magari hayafanani, pleti namba za njano za Israel zinapita barabara ambazo za Kipalestina hazipiti. Hata vitambulisho, wa Ukingo wa Magharibi jalada la kijani, wa Yerusalemu Mashariki la bluu, askari anakusoma kwa mbali kabla hujafungua mdomo.

Na vizuizi vingi haviko mpakani. Hapo watu wengi wanakosea, wanadhani ni kama pale Manyovu unaingia nchi nyingine. Hapana, viko ndani kwa ndani, kati ya mji wa Kipalestina na mji wa Kipalestina, kati ya kijiji na barabara kuu yake. Umoja wa Mataifa ulihesabu mwanzoni mwa 2025 ukapata zaidi ya 800, ukijumlisha vyenye askari, mageti ya chuma, vifusi vya udongo na matofali makubwa ya zege. Na eneo lenyewe halifiki kilometa za mraba 6,000, mkoa wetu wa Kigoma ukiacha maji unalimeza zaidi ya mara sita. Ukifunga geti moja la kijiji, mwalimu kama wewe hafiki shule, au anafika kwa kuzunguka vilima saa nzima.

Mambo ya mashamba ndiyo yaliniuma zaidi niliposoma. Ukuta walianza kuujenga 2002, na sehemu kubwa haukupita kwenye mstari wa 1949 unaotenganisha Israel na Ukingo wa Magharibi, uliingia ndani ya ardhi ya Wapalestina, ndiyo maana Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Julai 2004 kwamba kuujenga humo ni kinyume cha sheria. Sasa wewe una michikichi yako aliyopanda babu, unaamka siku moja iko upande wa pili wa ukuta, unaambiwa kuombea kibali shamba lako mwenyewe, na geti la kuendea huko linafunguliwa kwa muda mfupi kwa siku, mengine mpaka msimu wa mavuno. Kule ni mizeituni, inavunwa Oktoba na Novemba. Mvunaji akichelewa geti jioni analala shambani. Watu wa kujitolea wanakwenda kusimama na kwenye mageti hayo, wanaandika lilitakiwa kufunguliwa saa ngapi na lilifunguliwa saa ngapi.

Kuhusu kulia na ya mbali, mimi sikuwaambia mlie. Kilichonigusa kwa wale kina mama ni kwamba wao hawasimamishwi. Wana pleti za njano, wangepita zao. Sisi kwenye basi la Kasulu mwenzetu akishushwa, tuliobaki ndani tunasemaje? "Dereva twende bwana, tunachelewa." Umeshasikia hiyo mwalimu, na mimi nimeisikia.

"Bwana asifiwe Mjomba. Nilibahatika kwenda hija Nchi Takatifu na kanisa letu. Bethlehemu tuliingia na basi, askari akapanda, akatazama, akatabasamu akashuka, dakika tano hazikufika. Hayo mateso hatukuyaona. Na usisahau Waisraeli walilipuliwa kwenye mabasi, na vijana wetu wawili wa Kitanzania waliuawa kule Oktoba 2023. Yaandike na hayo." Mama wa Mwanga

Amina mama, nayaandika. Miaka ya intifada ya pili, 2000 mpaka 2005 hivi, watu walijilipua kwenye mabasi, mahotelini, masokoni, wakafa raia wengi wa Israel, na Waisraeli walio wengi wanaamini ukuta na vizuizi ndivyo vilivyozima ile hali. Askari nao wameuawa wakiwa kwenye vizuizi, kwa risasi, kwa visu. Na wale vijana wetu wawili walikuwa kule kujifunza kilimo kwa vitendo, hawana ugomvi na mtu, wakauawa katika shambulio la kundi la Kipalestina la Hamas, 7 Oktoba 2023. Ule ni msiba wa kwetu kabisa, hakuna anayetakiwa kuupunguza.

Machsom Watch hawajasema nchi yao isijilinde. Hoja yao ni kwamba kizuizi kilichoko kati ya kijiji cha Kipalestina na mji wake wa Kipalestina, kilometa nyingi ndani, kinamlinda mlowezi wa pale jirani, siyo mtu wa Tel Aviv. Unaweza kuikataa hoja hiyo, lakini ijibiwe yenyewe.

Kuhusu basi lenu, mama, mlipita kwa barabara ya magari, mna pasi za kigeni, mko kwenye gari la watalii. Ile foleni ya miguu iko pembeni kabisa, ndani ya jengo, na mlipita saa za mchana wafanyakazi wameshaondoka. Wewe ni mzazi nikuambie na hili: mgonjwa akitoka Ukingo wa Magharibi kwenda hospitali Yerusalemu, kwa kawaida gari la wagonjwa la Kipalestina halivuki. Linasimama kizuizini, linakuja la upande wa pili, wanapangana nyuma kwa nyuma, mgonjwa anahamishwa na kitanda chake hapo barabarani, iwe jua iwe mvua. Na ile miaka ya intifada, mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliripoti visa vya wajawazito kujifungulia kwenye vizuizi kwa kucheleweshwa. Safari ijayo mwombe kiongozi wa msafara awapeleke pale alfajiri, mtaona wenyewe msinisikilize mimi.

"Assalaam alaykum. Ni kweli mtu wa Ramallah hawezi kwenda kuswali Ijumaa Al-Aqsa wakati ni jirani tu?" Ng'ambo, Tabora

Wa alaykum salaam. Ramallah na Yerusalemu ni kilometa kama 15, katikati kuna kizuizi cha Qalandia, na kwa siku za kawaida bila kibali hupiti. Ramadhani huwa wanalegeza kwa umri. Ramadhani ya 2024 na ya 2025 walioruhusiwa ni wanaume wa miaka 55 kwenda juu na wanawake wa 50 kwenda juu, na bado kwa kibali. Kwa hiyo baba anapita kijana wake anabaki. Ijumaa hizo wanaume na wanawake wanatengewa njia tofauti, watu ni wengi mno, na waangalizi nao wanajitokeza kwa wingi maana hapo ndipo mzee wa miaka 54 na miezi kadhaa anapogeuzwa.

"Na Wapalestina wenyewe wanawataka hao watu au ni wazungu wanajipeleka?" Buhigwe

Swali zuri na jibu lake siyo moja. Wapo wanaowakaribisha kahawa, wanawajua kwa majina, wana namba zao za simu. Wapo wanaowaambia usoni: mnaandika tangu 2001, mmebadilisha nini? Na kuna mabishano mazito zaidi, haya yako hata ndani ya Machsom Watch, kwamba ukipiga simu geti likafunguliwa haraka, foleni ikapungua, askari akawa na adabu, umemsaidia mtu au umelisaidia jeshi kuwa na kizuizi kizuri kisichopigiwa kelele? Wasomi wanaweza kukesha na hilo. Mimi upande wangu ni kwamba mama ana mtoto ana homa, piga simu, mabishano yaendelee jioni.

Hapa ndipo wale TIPH wa Hebron wanapoingia. Februari 1994 mlowezi mmoja, Baruch Goldstein, aliingia Msikiti wa Ibrahim akaua waumini 29 wakiwa kwenye swala. Mwaka huo huo wakaletwa waangalizi wa kimataifa, wakaondoka, wakarudi tena 1997 kwa makubaliano ya pande zote mbili. Miaka zaidi ya ishirini wanazunguka na kuandika, lakini ripoti zao zilikuwa za ndani, zinakwenda kwa pande mbili na nchi zilizowatuma, mtu wa kawaida hazioni. Januari 2019 Israel ikakataa kuwaongezea muda, wakafunga virago. Mwezi huo huo EAPPI nao wakaondoa watu wao Hebron kwa kusumbuliwa na walowezi. Kwa hiyo kuangalia kwenyewe kunahitaji ruhusa ya unayemwangalia, hilo ndilo pungufu kubwa na sioni wakilipatia dawa. Bora basi wale wa Machsom Watch, ripoti zao ziko wazi, na ni raia wa pale, huwezi kuwanyima viza.

Niongeze tu kwamba hali ya sasa siyo ile niliyoieleza juu. Baada ya 7 Oktoba 2023 vibali vya wafanyakazi wengi mno vilisimamishwa, tunaongelea zaidi ya watu laki moja waliokuwa wanavuka kwenda kazini, ile foleni ya alfajiri ya 300 ikakatika. Badala yake mageti ya chuma yakaongezeka kwenye midomo ya vijiji, asubuhi limefunguliwa mchana limefungwa, na madereva wana magrupu ya simu ya kupeana habari wapi pamefungwa. Foleni haionekani kwa sababu watu wamekaa nyumbani hawana kazi.

"Mjomba shikamoo. Nimemaliza chuo mwaka jana, niko nyumbani namsaidia mama biashara ya dagaa. Nataka kwenda kujitolea huko. Nianzie wapi? Mama anasema nitakwenda kufa." Binti wa Kibirizi

Marahaba mwanangu. Mama yako ana haki ya kuogopa, usimkatalie. Machi 2002 waangalizi wawili wa TIPH, Mturuki na Mswisi, walipigwa risasi wakafa barabarani karibu na Hebron. Septemba 2024 Aysenur Ezgi Eygi, binti wa miaka 26 mwenye uraia wa Marekani na Uturuki, aliuawa kwa risasi pale Beita, Ukingo wa Magharibi. Yeye alikuwa kwenye maandamano, siyo mwangalizi wa kizuizi, lakini risasi haijui hiyo tofauti. Walio wengi wanakwenda wanarudi salama, ila usimwambie mama hakuna hatari.

Machsom Watch haikuhusu, ni ya wenyeji wa kule. EAPPI wanapokea watu kupitia mabaraza ya makanisa na mashirika ya nchi zinazoshiriki, kwa hiyo anzia kanisani kwenu, uliza ngazi ya dayosisi kama kuna njia kwa Watanzania na ikiwepo fomu inapitia wapi. Atakayekuambia tuma hela kwenye simu akushikie nafasi, huyo mtaje kwa mama akamshughulikie. Kiingereza cha kuandika utakihitaji maana kazi kubwa ni ripoti. Viza nayo usiichukulie poa, unaweza kuhojiwa uwanjani na kurudishwa, na tangu Machi 2017 Israel ina sheria ya kuwazuia wageni waliotangaza hadharani kuisusia nchi hiyo, sasa angalia unachopost.

Wakati unasubiri, ingia usome ripoti za Machsom Watch, zipo za Kiingereza, ni bure bando lako tu. Usichague za vurugu. Chukua ya siku ambayo hakikutokea kitu, watu wamehesabiwa, dirisha moja halifanyi kazi, simu imepigwa haikupokelewa, baridi, basi. Mtafsirie mama jioni mkiwa mnaanika dagaa. Mkiona wote wawili kazi ya namna hiyo unaiweza kwa miezi mitatu mfululizo, niandikie tena tuendelee.